Moshi Katika Mfereji wa Kioo

Garissa, 11 Machi 2024

Kanchora,

Salaam nimeipokea. Ila usinianzie tena barua na "Mheshimiwa Mtaalamu wa Maabara" kama mtu anayeomba kazi. Mimi ni Eeddo Abshiro, shangazi wa maabara nzima, yule yule aliyekufukuza mlangoni mwaka wa kwanza kwa kuja na ndara.

Kinu chako cha kemia kimefika. Nilijiandaa kupokea sanduku la kubebwa na watu wawili, nikapewa kifurushi nikakitia kwapani nikaondoka. Kipande cha kioo kisichozidi kiganja changu, na ndani yake mfereji mwembamba kama uzi wa kushonea, umekunjwa huku na huku mpaka macho yanachoka. Mkuu wa idara alipokiona akauliza kiwanda chenyewe kiko wapi. Nikamwambia ndicho hicho. Amekwenda zake akitikisa kichwa.

Nimekifunga kama ulivyoelekeza. Pampu moja inasukuma benzoeti ya sodiamu iliyoyeyushwa kwenye maji pamoja na kile kichocheo chako, nyingine inasukuma kloridi ya benzili, ile inayotoa watu machozi kuliko msiba. Vinakutana mferejini, kioo kikiwa kwenye beseni la maji ya moto, na upande wa pili inadondoka dawa ya upele. Unakumbuka mwaka tuliojaribu kuitengeneza kwenye chupa kubwa tukalikimbia jengo? Humu ndani hakuna hata kijiko kimoja kwa wakati mmoja. Kikipasuka nitafuta kwa kitambaa.

Siku ya kwanza mavuno yalikuwa asilimia sitini na mbili. Siku ya tatu themanini na nane. Bado ni majaribio, hakuna mtoto wa kambi ya Ifo atakayepakwa mpaka wakubwa waidhinishe, lakini nilikaa nikaitazama ikidondoka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama niko salama.

Nyumbani Galbet hakuna jipya. Niko mimi, redio na paka wa jirani. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu mume wangu Dubow afariki, na bado napika chakula cha watu wawili, halafu namlaumu paka kwa kunenepa.

Eeddo Abshiro

*

Enschede, Uholanzi, 14 Machi 2024

Eeddo,

Ramadhani njema. Hapa tuko wanne tunaofunga katika jengo zima, na watatu ni familia moja. Mimi nafuturu nikiwa nimesimama jikoni.

Themanini na nane! Profesa wangu hakuamini. Alisema labda umekosea kupima, nikamwambia huyo mama hakosei kupima. Nikamweleza na jinsi ulivyotufundisha kichocheo hiki: kwamba maji na mafuta ni muuzaji na mnunuzi wasioelewana, na kichocheo ni dilaal wa soko la mifugo. Anamshika huyu mkono chini ya kitambaa, anachukua bei, anaipeleka kwa yule, anaiacha, anarudi mikono mitupu kuchukua nyingine. Yeye mwenyewe hanunui wala hauzi. Profesa amelipenda hilo somo, anataka nilitie kwenye tasnifu.

Sasa nakuomba jambo zito. Sura ya mwisho ya tasnifu yangu ni Garissa. Wanataka kuona kama kinu hiki kinaweza kufanya kazi siku thelathini mfululizo kwenye joto la kwetu, na watu wa kwetu, bila mimi kuwepo. Mtihani wangu ni tarehe 20 Septemba. Bila siku hizo thelathini sina sura, na bila sura wananirudisha na shahada pungufu.

Mama hajambo, anasema Sado. Dada yangu huyo ndiye masikio yangu sasa, maana ya Mama yamekuwa mazito, simu haisikii kabisa. Nazungumza na Sado, Sado anamsemea sikioni, halafu ananirudishia. Sijamsikia Mama kwa sauti yake tangu Novemba.

Kanchora

*

Garissa, 2 Aprili 2024
(Rasimu. Haikutumwa.)

Kanchora,

Mama yako yuko kwangu. Hii barua sitaituma, nimeapa, lakini lazima nimwambie mtu hata kama ni kompyuta.

Ameletwa na basi la Wajir wiki iliyopita, ana kidonda cha sukari mguuni. Kule walikifunga wakakifungua, kikazidi, wakamwandikia aje hospitali ya huku. Sado ana mimba changa, hawezi safari, na Garissa nzima jina wanalolijua ni langu. Nilimkuta kituoni amekaa juu ya mzigo wake, amenyooka kama askari. Kabla ya salamu akaniapisha kwa Mungu nisikwambie. Alisema, "Akijua atakuja, na akija hatarudi kumaliza."

Kiswahili hajui, Kisomali chake ni cha sokoni. Mimi nilikulia Wajir, Kiborana nakisema, ingawa kukiandika sijui. Kwa hiyo muuguzi, kijana wa kutoka bara, anasema nami, mimi namsemea mama yako Gumato sikioni, Gumato ananijibu. Kila siku mbili tunakwenda kufunga kidonda. Vidole viwili vimekatwa. Hakupiga kelele, aliuliza tu vitazikwa wapi.

Jana nilirudi kutoka kazini nikakuta taa ya jikoni inawaka. Sikuiwasha mimi.

*

Garissa, 2 Aprili 2024

Kanchora,

Siku thelathini utazipata inshallah. Wiki hii wastani ni themanini na saba. Maji ya kisima cha chuo yana chumvi nyingi, kwa hiyo chupa za akiba nazibeba nyumbani naziosha kwa maji ya mto, nazianika uani mchana kutwa, nazirudisha kesho yake asubuhi.

Kula vizuri, usifuturu umesimama.

Eeddo Abshiro

*

Enschede, 27 Mei 2024

Eeddo,

Nimezitazama namba zako na sikulala vizuri. Themanini na saba, themanini na moja, sabini, hamsini na nne. Halafu unaandika "kimeziba, nimekizibua, nimeanza upya". Mara tatu umeanza upya. Kwenye mfereji wa nusu milimita chochote ni jabali. Nilikuomba uweke kichujio kabla ya pampu. Je, umeweka? Nilikuomba usitumie maji ya kisima. Una hakika?

Samahani, sikufundishwa kukuuliza hivi. Lakini Profesa ameanza kusema maneno ya chini chini: kwamba pengine vifaa hivi si vya kila mahali. Nikamuuliza kila mahali ni wapi. Akabadilisha mazungumzo. Hapa hakuna anayenitukana, Eeddo, ila hakuna anayegombana nami pia. Nyumbani mtu akikasirika unajua. Huku unaandikiwa barua fupi yenye asante mbili.

Nitumie kioo kilichoziba, kama kilivyo, usikioshe. Na chupa moja ya akiba ya upande wa maji, na kifuniko chake. Nitakutumia kioo kingine.

Sado anasema Mama anakula vizuri na anakusalimu. Nilishangaa kidogo, sikujua anakufahamu hivyo.

Kanchora

*

Garissa, 5 Juni 2024

Kanchora,

Kichujio nimeweka. Maji ni ya mto, nayachemsha na kuyakeneka mwenyewe. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja na kijana niliyemfundisha kushika bomba la sindano ananiuliza kama nina hakika. Nina hakika. Mferejini mnakaa kitu cha kahawia, kinanata, na sikijui. Kinaniudhi kuliko wewe.

Kioo na chupa vimeondoka leo. Tukipata siku thelathini kuanzia kati ya Julai bado tutawahi.

Eeddo Abshiro

*

Garissa, 5 Juni 2024
(Rasimu. Haikutumwa.)

Kanchora,

Jana muuguzi alifungua bandeji, akabonyeza, akatabasamu. Akasema, "Mama, kimefunga. Mwambie anaweza kurudi nyumbani, akaendelee na dawa za sukari Wajir, hapa kazi imekwisha."

Gumato alinitazama akingoja. Nikainama sikioni pake nikamwambia kwa Kiborana: daktari anasema bado kidogo.

Sikupanga. Wallahi yalitoka yenyewe. Tukarudi na bajaji, akanunua limau, akaniuliza kama nakula pilipili leo. Kwa Sado nimeandika ujumbe vilevile: bado kidogo.

Nimewafundisha watu miaka yote hii kwamba kichocheo kikiupenda mno mzigo wake, kikaung'ang'ania, kinakuwa hakina kazi. Kila kitu kinasimama. Nimewahi kuwapunguzia wanafunzi alama kwa kusahau hilo. Mimi sikusahau. Niliona tu akilini taa ya jikoni imezimwa.

*

Enschede, 2 Agosti 2024

Eeddo,

Kifurushi chako kilikwama forodhani wiki sita, walitaka kujua chupa tupu ina nini. Nimekipata leo asubuhi. Namba zako za sasa naziona bado zinashuka, kwa hiyo soma hii kabla hujawasha pampu.

Nilipitisha kiyeyushi kwenye kioo, nikakusanya ule ukahawia, nikautia kwenye mashine ya kuchambua. Nilitegemea chokaa. Haikuwa chokaa. Mashine ilichora vilima vingi vidogo, na kompyuta ikaorodhesha majina, na yote ni ya lami ya moshi wa kuni. Nikadhani mashine ina uchafu wa mtu mwingine, nikarudia. Ikaja hivyo hivyo.

Nikaifungua ile chupa, nikanusa.

Eeddo, nilikaa chini. Kuna watu sita katika maabara hii, mmoja akaniuliza kama nimevuta kitu kibaya, akafungua dirisha. Nikamwambia alifunge. Ni ejersa, mzeituni wa porini. Vijiti vya ejersa vinavyoletwa kwetu kutoka Marsabit, vinawashwa, vinatiwa ndani ya chombo cha maziwa, chombo kinafunikwa mpaka moshi uingie kila pembe, ndipo kinakuwa safi. Wasomali wa mjini hamfanyi hivyo kwa chupa za glasi. Wewe ungemtupa nje mtu wa kufanya hivyo. Na kijiji chetu chote wanatumia mgunga, kwa sababu upo. Ni mtu mmoja tu anayesema mgunga haufai, anayeagiza ejersa kila msimu na kugombana na wenye malori.

Mama yangu yuko kwako? Tangu lini? Na kwa nini?

Jibu leo.

Kanchora

*

Garissa, 2 Agosti 2024

Kanchora,

Yuko kwangu. Ni mzima. Hayo kwanza, uvute pumzi.

Alikuja mwisho wa Machi na kidonda cha sukari mguuni. Amekatwa vidole viwili, anatembea. Aliniapisha nisikwambie, kwa sababu ya mtihani wako, na Sado naye aliapishwa. Leo kiapo kimevunjwa na mashine yako, mimi sikukivunja.

Niliposoma barua yako nilikwenda nyumbani mchana huu huu. Nikamkuta uani, amezipanga chupa zangu ishirini na nne juu ya mkeka, kila moja ina kijiti kinachofuka na kifuniko juu. Nilipomuuliza alishangaa swali lenyewe. Alisema aliona nazileta zimeoshwa kwa maji tu, akanionea haya, mwanamke mzima nakwenda na vyombo vibichi mbele za watu. Na vyombo vyenyewe ni vya kazi ya mwanawe. Alikuwa akivifukiza nikiwa kazini, halafu anavipangusa nje visiache alama nisijue, kwa sababu aibu yangu hakutaka kuitaja. Na mimi sikunusa kitu. Nyumba yangu ina moshi wake na ubani wangu wa uunsi miezi minne sasa, pua imezoea.

Nilimweleza sikioni, polepole. Aliziba mdomo kwa mkono. Halafu akacheka, akalia kidogo, akacheka tena. Ananiambia nikuombe radhi.

Kesho naanza siku thelathini na chupa mpya kabisa, zinalala kabatini maabara na ufunguo ninao mimi. Tutamaliza tarehe mosi Septemba. Utawahi.

Eeddo Abshiro

*

Enschede, 6 Agosti 2024

Eeddo,

Nilikuwa na maneno makali siku ya kwanza, nimeyafuta. Siku ya pili nilitazama ndege za kuja. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba nikija kabla ya mtihani atanifukuza kwa fimbo, vidole vinane au kumi.

Kwa hiyo sitakuja. Nataka kukwambia hiki tu. Nimekaa nchi hii miaka mitatu nikidhani mama yangu amezeeka peke yake kule, na mimi nahesabu matone. Kumbe, Sado ameniambia sasa, kila siku mbili kulikuwa na mtu wa kumshika mkono mpaka kwa muuguzi, kumsemea, kumletea alichosema. Maneno yake yote yalipitia kwako, na yakafika. Mimi mwanawe sikumpatia hilo. Mungu akulipe, sina kingine.

Akae mpaka daktari aseme amepona, usimharakishe. Akishasema, Sado atamtuma mume wake aje amchukue.

Mwambie mfereji umesafishika. Na ile chupa sijaiosha. Iko chumbani kwangu, imefungwa. Nikiifungua sana moshi utaisha, kwa hiyo naifungua Ijumaa tu.

Kanchora

*

Garissa, 15 Agosti 2024

Kanchora,

Namba kwanza, maana ndizo ulizoniomba: siku kumi na mbili, asilimia tisini, tisini na moja, hakijaziba. Jedwali nimeambatisha. Sura yako ipo.

Sasa hili. Barua yako nimeisoma kila siku tangu ije, na ile "Mungu akulipe" siwezi kuipokea. Kidonda cha mama yako kilifunga tarehe nne Juni. Muuguzi alisema arudi nyumbani. Mimi nikamwambia mama yako bado kidogo, nikamwambia Sado bado kidogo, na tangu siku ile tumekuwa tukienda hospitali mara moja kwa wiki kupima sukari tu, naye akidhani ni matibabu. Kiapo kilinipa kisingizio kizuri cha kunyamaza kwako. Lakini sikunyamaza kwa ajili ya mtihani wako. Nilinyamaza kwa sababu nyumba yangu ilikuwa na mtu, na nilijua mkijua mtamchukua. Ni haya tu, sina pambo la kuyapamba.

Juzi nilimweleza mwenyewe. Nilimkalisha barazani, nikainama sikioni, nikasema yote. Alinisikiliza akiendelea kuchambua mchele. Akasema, "Mguu ni wangu. Ulidhani sijui umepona?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akasema alikuwa akinisubiri mimi. Kila wiki aliponiona nikiinama sikioni pake alidhani leo nitalisema. Halafu akasema neno ambalo naliandika kama lilivyo, kwa sababu ni haki yako kujua mama yako amekaa na mtu gani. "Ungeniambia kaa, ningekaa. Hukuniambia kaa. Uliniambia daktari."

Leo amenitaka nikuandikie, yeye anasema na mimi naandika. Ni Kiborana chake kwa Kiswahili changu.

"Kanchora. Mimi mzima, hata kwa mguu wa vidole vitatu. Usije, maliza. Nakwenda nyumbani Jumamosi, Sado anakaribia siku zake na mtoto hawezi kupokewa na majirani. Huyu mwanamke alinificha jambo moja, na mimi nilimficha kwamba nalijua, kwa hiyo usimkasirikie kuliko nilivyomkasirikia mimi. Nilimkasirikia siku mbili. Ulisema kwenye barua yako kwamba ulidhani nazeeka peke yangu. Mimi sikuwa peke yangu hata siku moja, nina Sado, nina ng'ombe, nina watu wa kugombana nao. Aliyekuwa peke yake ni yeye. Na wewe. Ukipasi mtihani, mpigie simu huyu kwanza kabla ya sisi, yeye anasikia simu. Mama yako, Gumato."

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza wala kupunguza. Kwenye "na wewe" nilisita, akaona kalamu imesimama, akanigonga mkono nikaandika. Amenitaka nimsomee yote kwa Kiborana, nimemsomea, amesema ndivyo. Nimeyanakili hapa na karatasi yenyewe ninayo.

Nilipoinua kichwa alikuwa ameanza kukunja nguo zake. Nikasema: kaa. Sikuinama sikioni, nilikuwa upande wa pili wa chumba, na sauti yenyewe ilitoka kidogo. Lakini alikuwa akinitazama midomo, nikajua amelisikia. Akaja akaniwekea mkono kichwani, ukakaa hapo muda. Kisha akarudi kwenye mzigo wake, akaendelea kukunja.

Basi la Wajir linaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Nitampeleka kituoni mwenyewe.

Abshiro